Masika ya Bandama

Tunduma, 12 Novemba 2014

Leo nimeambiwa damu yangu haifai.

Mwezi uliopita tulichangia damu pale uwanjani, mimi na Naila, kwa sababu walikuwa wanagawa soda, na kwa sababu Naila alisema mtu aliyemaliza kidato cha sita hawezi kuogopa sindano. Naila alipigiwa simu kuambiwa kundi lake. Mimi nilipigiwa kuambiwa niende. Muuguzi alifunga mlango kwanza. Homa ya ini, aina ya B. Imo mwilini, huenda tangu utotoni. Nikasema asante. Nikarudi ofisini nikaandaa nyaraka za malori ya shaba yanayoshuka bandarini. Nilizikagua mara mbili. Hazina kosa.

14 Novemba

Mvua ya kwanza. Nimenunua kikombe changu mwenyewe, nakiweka kwenye droo.

17 Novemba

Naila amekiona.

"Shoga, vikombe vya ofisi vimekukosea nini?"

"Nina mafua."

"Mafua! Au umeokoka upya, hunywi tena na Waislamu?" Alicheka mpaka dereva mmoja wa Kizambia dirishani akacheka naye bila kujua kinachochekesha. Mimi pia nilicheka. Mimi na Naila tunakaa meza moja tangu nilipoajiriwa, na sijawahi kumficha kitu. Sasa namficha.

24 Novemba

Nimetoka Mbeya. Nilimwambia bosi naenda kung'oa jino. Mzee Abdulswamad, mwenye ofisi, ni mtu wa Tanga, na kwake kila maradhi ya huku bara ni baridi. "Jino hilo ni baridi, binti yangu. Funga shingo." Akanipa ruhusa.

Fundi wa altrasaundi alinipaka ute wa baridi tumboni, akapitisha kidude chake upande wa kulia, kisha kushoto. Kushoto alikaa muda mrefu. Halafu akaacha kutazama kioo, akatazama ngozi.

"Hizi alama?"

"Chale. Nilichanjwa nikiwa mdogo."

"Za bandama?"

"Ndiyo."

"Wewe ni mtu wa bondeni," akasema, na akaandika kitu. Ni kweli. Sisi ni watu wa Kamsamba, kule chini kwenye joto na mbu. Mama alihamia Chitete baba alipofariki.

Daktari anaitwa Boazi. Ni kijana kuliko nilivyotaka. Aliniuliza kazi yangu, nikamwambia ni karani wa wakala wa forodha.

"Basi utanielewa upesi. Ini ni kama mpaka wenu. Damu yote inayotoka tumboni na kwenye bandama hupita pale kwa mshipa mmoja mkubwa. Ini likiwa laini, inapita. Likikakamaa kwa makovu, foleni inarudi nyuma, presha inapanda kwenye ule mshipa, bandama linavimba. Halafu damu inafanya wanavyofanya wafanyabiashara wenu."

"Inapita njia za panya."

"Hasa. Na njia zenyewe ziko kwenye koo la chakula. Ni vimishipa vyembamba, havikutengenezwa kwa mzigo ule. Siku moja kimoja kinapasuka."

"Mtu anajuaje kabla?"

"Wengine hawajui mpaka watapike damu."

Alisema kama mtu anayetaja saa ya kuondoka kwa basi. Nikashukuru kwamba alisema hivyo.

Presha ya mshipa ule huwezi kuipima kwa kufunga mkanda mkononi. Ukitaka kuipima yenyewe lazima uingize mrija ndani ya mishipa mpaka kwenye ini, na hapa kwetu haifanyiki. Kwa hiyo, alisema, wanakisia kwa kuangalia kutoka nje. Bandama langu ni kubwa. Chembe sahani zangu, zile zinazogandisha damu, ziko chini. Mshipa wenyewe umetanuka kidogo. Vyote vitatu vinasema presha imepanda.

"Ungekuwa umekulia Igamba, huku juu kwenye baridi, ningeamini. Lakini umekulia bondeni. Malaria ya miaka mingi nayo inavimbisha bandama, na bandama likishakuwa kubwa linazimeza chembe sahani na kuutanua mshipa hata kama ini ni zima. Bandama lako ni shahidi, Marita, ila sijui ni shahidi wa kesi ipi."

Njia ni mbili. Nimeze mpira wenye kamera, waangalie koo lenyewe. Au niende Dar es Salaam, kuna mashine inayogonga ubavuni kwa nje na kupima ugumu wa ini. Likiwa gumu, mpira hauepukiki. Likiwa laini, bandama ni la malaria.

Nikamwambia nitafikiri. Kwenye basi sikufikiri chochote. Nilihesabu nguzo za umeme.

25 Novemba

Naila aliniuliza jino. Nikamwonyesha shavu.

3 Desemba

Nilipiga mswaki nikaona wekundu kwenye povu. Nilisimama na ndoo ya maji mkononi mpaka mama mwenye nyumba akauliza kama nimeona nyoka. Ilikuwa fizi.

9 Desemba

Mvua. Malori yamepanga foleni hadi nje ya mji, madereva wanapikia chini ya matela. Kila nikitazama ile foleni nahisi kitu kooni. Najua hakuna kitu kooni.

10 Desemba

Mvua.

11 Desemba

Mvua. Nimekataa kunyanyua boksi la karatasi. Naila alilibeba, akanitazama.

"Marita, una mimba?"

"Hapana."

"Haya. Ukiwa nayo utaniambia, nisije nikasikia kwa Wazambia."

25 Desemba, Chitete

Barabara imeharibika. Tulishuka kwenye gari mara kadhaa kulisukuma. Mama alichinja kuku. Kanisani nilikaa nyuma, sikuimba.

Kaka yangu Edson naye yuko nyumbani. Analima na mama, na kiangazi anaendesha bodaboda. Alipokuwa mdogo alikuwa anamaliza kuku mguu kwa mguu. Leo alikula vipande viwili akasukuma sahani.

"Nashiba upesi siku hizi," akasema, akajipiga ubavuni kushoto. "Bandama langu limehamia chumba cha mbele."

"Punguza gongo, Simwinga," mama akasema. Mama anatuita kwa majina ya ukoo, kaka Simwinga na mimi Namwinga, tangu tukiwa watoto, kama vile sisi ni wageni waheshimiwa.

"Gongo haikai kushoto, mama."

Nikauliza zile chale zilichanjwa lini. Niliuliza kama mtu anayeuliza bei ya chumvi. Mama alifurahi kuulizwa. Alisema mwaka ule watoto wa Kamsamba walikuwa na matumbo kama vibuyu, wawili watatu walikufa, na zahanati haikuwa na dawa. Akina mama wa njia yetu wakamwita bibi mmoja kutoka ng'ambo ya mto aliyejua kuchanja. Watoto wote wakapangwa mstari mbele ya nyumba yetu, kwa sababu mama ndiye aliyekuwa na mkeka mkubwa. Edson alilia. Mimi sikulia.

"Alikuwa na mkono mwepesi yule bibi," mama alisema. "Na msafi. Wembe ulikuwa mpya kabisa, niliununua mimi."

"Mmoja?" nikauliza.

"Wembe mmoja unatosha kijiji, Namwinga. Haukuwa umetumika hata kidogo."

Edson alikuwa anachokonoa meno. Mama alikuwa anatabasamu. Nikaomba maji.

26 Desemba, Chitete

Nimemwambia Edson peke yake. Tulikuwa tunatazama mahindi. Nilimwambia kila kitu, kuhusu damu, ini na bandama, nikamwambia akapime.

"Mimi na sindano tulishaachana," akasema. Kisha, "Wewe unaumwa?"

"Sijui."

"Ukijua, niambie na mimi."

8 Januari 2015

Mzee Abdulswamad anataka mtu wa kupeleka nyaraka bandarini Dar. Nimesema nitakwenda mimi. Alishangaa, maana mwaka jana nililia nilipotajiwa safari hiyo.

"Dar hakuna baridi," nikamwambia.

"Umeanza kuelewa dunia, binti."

15 Januari, Dar es Salaam

Nililala kitandani, mkono wa kulia chini ya kichwa. Yule dada wa mashine aliweka kichwa cha kifaa kati ya mbavu. Kinagonga. Hakiumizi, ni kama mtu anayebisha hodi kwa kidole na hana haraka ya kufunguliwa. Aligonga, akasoma, akagonga tena. Nilikuwa natazama feni.

"Laini," akasema.

"Nini?"

"Ini lako, dada. Laini. Vaa."

Nilivaa. Nilitoka nje kwenye jua. Nilidhani nitalia au nitacheka. Nilinunua machungwa nikala yote nimesimama.

19 Januari, Mbeya

Daktari Boazi amesoma majibu. Ini ni laini, vimeng'enya vyake kwenye damu viko sawa. Kwa ini kama hili, alisema, haoni sababu ya presha kupanda. Bandama ni la malaria. Mpira sihitaji. Virusi bado vimo, kwa hiyo nitapimwa kila baada ya miezi sita, na nisinywe pombe.

"Ulivipata wapi, hatuwezi kujua kwa hakika. Wengi hupewa na mama wakati wa kuzaliwa. Wengine ni nyembe, watoto wakichanjwa pamoja. Una ndugu?"

"Kaka."

"Naye alichanjwa?"

"Siku hiyo hiyo."

"Mlete. Na mama."

Nilimpigia mama pale pale kwenye ngazi, nikamwambia sina kitu kibaya, ni bandama la malaria tu. Akapiga vigelegele. Nikasikia Edson nyuma yake akidai simu.

"Marita. Kwa hiyo na langu ni malaria?"

Nilikuwa nimechoka. Jua lilikuwa limetoka, na watu walikuwa wanapita kwenye ngazi wakinigonga bega.

"Huenda," nikasema. "Lakini njoo upime."

"Umesikia, mama? Na langu ni malaria!"

20 Januari

Nimemweleza Naila ukweli wote. Akachukua kile kikombe changu kwenye droo, akakitazama, akasema, "Kibaya. Ungenunua hata chenye ua." Kesho anakwenda kuchanjwa chanjo ya homa ya ini. Anasema anachanjwa kwa ajili ya mumewe atakayekuja, kwa sababu mimi siambukizi kwa chai.

2 Februari

Mvua. Nimempigia Edson kuhusu kupima. Anapalilia.

11 Februari

Mvua. Nimempigia. Anasema barabara mbaya.

23 Februari

Sikumpigia. Kazi nyingi.

6 Machi

Mvua. Naila ameleta visheti. Nimekula. Wiki nzima sikufikiria koo langu.

13 Machi

Naandika haya Mbeya, kwenye benchi. Nitaandika kwa utaratibu.

Jana asubuhi nilikuwa nagonga mihuri. Mama alipiga.

"Namwinga, kaka yako ametapika."

"Ametapika nini?"

"Beseni," mama akasema. "Beseni, Namwinga."

Nilijua la kufanya. Hilo ndilo linalonishangaza. Nilimwambia amlaze kwa ubavu, asimpe dawa ya mizizi, watafute trekta. Nikaweka simu chini, nikamaliza muhuri uliokuwa umebaki, nikaingia kwa Mzee Abdulswamad. Nilimwambia kaka yangu anatoka damu tumboni na barabara ya Chitete haipitiki. Alikuwa ameshika birika. Alitoa funguo za pikapu yake mfukoni, akamwita dereva, akasema, "Usirudi bila yule kijana." Naila alikuwa ameshavaa viatu. Hakuna aliyemwambia aje.

Tulikwenda mpaka pale barabara ilipokatwa na maji. Ng'ambo hatukuona kitu. Tulisubiri kwenye mvua. Dereva alivuta sigara. Trekta lilipotokea nilimwona mama kwanza, amekaa kwenye tela, miguu amenyoosha, na kichwa cha Edson kwenye mapaja yake. Alikuwa amemfunika kwa turubai la mahindi. Vijana walimbeba kwenye maji yaliyowafika kiunoni. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu. Alinitambua.

"Marita," akasema. "Malaria yako hii ina hasira."

"Usiongee."

"Nimeharibu beseni la mama."

Njiani alitapika tena. Naila alishika kanga yake mbele ya mdomo wake, akamwambia, "Tapika, kaka yangu, nguo zipo." Mimi nilikuwa nimeshika kifundo chake cha mkono, nasikiliza mapigo.

Hospitali walisema anahitaji damu mara moja. Kundi lake ni langu. Nilisimama, kisha nikakaa. Dereva alitolewa damu, Naila alitolewa. Mama aliuliza kwa nini mimi sitoi. Naila akajibu kabla yangu: "Yeye ana upungufu, mama." Nilibaki kwenye benchi natazama mikono yangu. Ilikuwa safi.

Asubuhi hii Daktari Boazi alimpitishia altrasaundi pale kitandani. Nilitazama uso wake, sikutazama kioo. Bandama kubwa kama langu. Chembe sahani chini kama zangu. Lakini ini, alisema, lina vinundu, limesinyaa, na tumboni kuna maji. Dalili zetu ni zile zile. Hii ndiyo kesi ya pili.

"Lazima ameze mpira. Tuvifunge vile vimishipa, kila kimoja na raba yake. Tusipovifunga atatoka damu tena, na ya pili ni mbaya zaidi."

Edson alikataa.

"Nimeze mpira kama chatu? Niacheni. Damu imeshakata."

Mama alisema arudi nyumbani apumzike kwanza. Muuguzi alisema atapakumbuka hapa. Wote walikuwa wanasema kwa wakati mmoja. Nikamwomba mama akatafute chai.

"Januari nilikuuliza," Edson akasema tulipobaki wawili. "Ulisema huenda."

"Nilisema."

"Sasa unasemaje?"

"Meza."

"Ungekuwa wewe?"

"Mimi niliukimbia mpaka Dar. Ningekuwa na ini lako nisingeweza kuukimbia. Ukitoka hapa bila kumeza utafia kwenye tela, kaka, na mama atakuwa amekushika kichwa. Sina njia nyingine ya kulisema."

Alinigeukia. Macho yake ni ya njano. Sikuwa nimeona wakati wa Krismasi. Au niliona.

"Utakuwepo?"

"Nitakuwepo."

Daktari aliniruhusu kusimama upande wa kichwa. Waliweka kipande cha plastiki kati ya meno yake. Alinishika vidole. Mpira ulipopita alitoa sauti ambayo sitaiandika. Daktari alifunga kimoja, akautoa mpira, akaurudisha, akafunga kingine. Niliona kwenye kioo. Vilikuwa vya buluu, vimenyooka kwa urefu wa koo, vimevimba, na kimoja kilikuwa na doa jekundu. Nilikuwa nimevifikiria Novemba na Desemba yote, usiku na mchana, na nilivifikiria kwenye koo langu.

15 Machi

Hakutapika.

16 Machi

Hakutapika. Amekunywa uji baridi.

20 Machi

Nimerudi kazini. Mzee Abdulswamad aliniuliza habari za kaka, nikasema yuko hai. Akasema alhamdulillah, akaingia ndani, akafunga mlango. Niliikuta meza yangu imepangwa.

3 Aprili, Ijumaa Kuu

Mvua imepungua. Edson amefungwa mishipa kwa mara ya pili. Anasema sasa anameza kuliko chatu. Amepewa vidonge vya kutuliza presha na dawa ya virusi. Daktari Boazi hakunificha. Ini lile halitarudi kuwa jipya, ila bila pombe na kwa dawa linaweza kumbeba miaka. Nikamuuliza mingapi. Akasema, "Mlete kila nikimwita."

10 Aprili, Mbeya

Leo mama amepimwa. Alikuwa anakataa tangu Machi, nilipomwambia yaliyo kwenye damu yangu na ya Edson, kisha jana alisema mwenyewe. Alisema amesikia wauguzi wakisema mama huwapa watoto tumboni, na tangu siku hiyo halali.

"Kama ni mimi niliyewapa, nijue," alisema. "Nitawaombaje msamaha bila kujua?"

Tulikaa kwenye foleni pamoja, mimi, yeye na Edson. Alivaa kitenge cha kanisani. Waliita jina lake, akaingia kwa Daktari Boazi peke yake, akatoka amenyoosha mgongo. Daktari alitoka nyuma yake.

"Sina," mama akasema. "Namwinga, sina! Sijawahi kuwa nayo hata siku moja. Wamesema damu yangu ni safi."

Edson alinitazama. Alielewa upesi kama mimi. Kama hatukuzaliwa nayo, imebaki asubuhi moja tu, na mkeka wa mama, na wembe mpya alioununua yeye ili watoto wake wasife.

"Kwa hiyo siyo mimi niliyewapa," mama akasema.

"Siyo wewe, mama," nikasema.

"Ungetupa wewe tungekuwa wanene," Edson akasema. Mama akampiga kofi la begani huku analia.

Daktari Boazi alikuwa amesimama mlangoni. Alifungua kinywa. Nilimtikisia kichwa, kidogo sana. Aliangalia mkono wa mama uliokuwa bado begani kwa Edson, kisha akasema tu kwamba wote waliokua pamoja nasi kule Kamsamba wanapaswa kupimwa, wenye bandama na wasio nalo, mapema iwezekanavyo.

"Hilo niachieni mimi," mama akasema.

Alikaa kwenye benchi, akaniomba nimtafutie namba za wenzake wa ile njia yetu ya zamani. Nilimpigia moja baada ya nyingine nikamwekea simu sikioni. Alianza na aliyekuwa jirani wa mlango kwa mlango. Alipiga kelele kama kawaida yake kwenye simu, korido nzima ikasikia.

"Nimepimwa, mama Anyosisye, wala hakuna maumivu! Wapeleke watoto wako. Wote, hata wenye ndevu. Waambie mama Edson amepimwa na hakuogopa."